Jeli ya Mwani Iliyogeuka Maji

Ndugu zangu, wazazi wenzangu, na nyinyi mnaopaka kitu usoni kila asubuhi bila kusoma kilichoandikwa nyuma ya kopo, sogeeni karibu. Nina habari ya nyumba moja iliyojaa upendo, na jinsi watu wa nyumba hiyo walivyokaribia kumzika mtu waliyempenda kuliko wote. Msitafute mchawi humu, wala jambazi. Yumo mwanamke mwaminifu aliyenyamaza mahali alipopaswa kusema, basi.

Mwanamke huyo mtaa mzima ulimwita Mchanganyaji. Alikuwa amefanya kazi miaka kumi na tisa katika kiwanda cha losheni, kwenye pipa la tatu la kukorogea, mpaka kiwanda kikafungwa na kila mfanyakazi akapewa barua ya ukurasa mmoja. Alilia siku mbili. Siku ya tatu akapangusa meza ya jikoni kwa spiriti, akanunua mizani ndogo, kipimajoto na mashine ya mkono ya kukoroga, akaanza kutengeneza jeli yake mwenyewe ya ngozi.

Jumamosi moja asubuhi alikuwa amesimama mbele ya ndoo nyeupe, mashine inazunguka, naye ananyunyiza unga laini kidogo kidogo kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Unga ule ukiumwaga wote mara moja unafanya madonge, nje ute, ndani mkavu, na hapo huna la kufanya ila kuanza upya. Chumba cha pili cherehani ya mumewe, ambaye watu walimwita Fundi, ilinguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena. Karibu na dirisha alikaa mama mkwe wake, ambaye wote walimwita Bi Mkubwa, miguu juu ya stuli, akisubiri zamu yake ya kupakwa.

"Mwanangu," alisema Bi Mkubwa, "huo unga ulisema ni nini vile? Nataka nikimweleza jirani nisikosee."

"Ni gundi ya mwani, mama. Wataalamu wanaiita polisakaridi."

"Poli nani?"

"Polisakaridi."

"Hilo ni jina au namba ya gari?"

Mchanganyaji alicheka mpaka mkono ukatikisika. "Ni sukari, mama. Ila si punje moja moja kama ya chai. Hizi zimeshikana, mamia kwa mamia, kama shanga kwenye uzi mrefu. Ukizitia majini nyuzi zinajinyoosha, zinayakumbatia maji, hazitaki kuyaachia. Ndiyo maana yanakuwa mazito hivi."

Bi Mkubwa aliondoa mguu kwenye stuli haraka. "Sukari! Daktari kanikataza hata soda, wewe unataka kunipaka sukari?"

"Hailiwi hii, mama, wala haina utamu. Inakaa juu ya ngozi, utando mwembamba tu, inashika maji yasikimbie. Halafu juu yake natia mafuta kidogo, ndiyo kifuniko."

"Mke wangu!" ilisikika sauti ya Fundi kutoka kwenye cherehani. "Na mimi nipakie wateja wangu, maana nao wanakimbia!"

Ndivyo ilivyokuwa nyumba hiyo. Kicheko kilianza jikoni, kikaishia kwenye cherehani. Na niwaambie jambo moja mlijue mapema. Mchanganyaji na Fundi hawakujaliwa mtoto. Katika miaka yote hiyo ndugu walisema mengi, wengine kwa kunong'ona, wengine waziwazi. Bi Mkubwa hakusema hata siku moja. Shangazi mmoja alipothubutu kumwambia Fundi aoe mke mwingine, Bi Mkubwa aliinuka, akamfungulia mlango, akasema, "Mke wake ni mwanangu. Ukimtukana umenitukana mimi." Tangu hapo Mchanganyaji akawa yuko tayari kumpa mama mkwe wake figo, kama ingehitajika figo.

Sasa Bi Mkubwa alikuwa na ugonjwa wa kisukari, na ngozi ya miguu yake ilikuwa kavu, imepasuka kama tope lililokaushwa na jua. Jeli ile ilimfaa kweli. Kila Jumamosi alipakwa, na miguu ikalainika. Mpishi wa shule, ambaye mikono yake ilikuwa imechanwa na sabuni ya vyombo, naye ilimfaa. Mwashi aliyeliwa viganja na saruji akaja, akarudi na wenzake. Kila mteja aliambiwa maneno yale yale: "Hii inashika maji kwenye ngozi. Haitibu ugonjwa. Ukiwa na kidonda nenda kliniki." Na kila ndoo Mchanganyaji aliipimia matone ya dawa ya kuzuia kuoza, kihifadhi, bila kukosa.

Alikuwa na sababu. Kule kiwandani aliwahi kuona pipa zima lililosahauliwa kutiwa kihifadhi siku ya Ijumaa. Jumatatu walipolifungua, jeli iliyokuwa nzito kama uji ilikuwa imelegea, inatiririka kama maji, na harufu yake iliwatoa watu nje. Msimamizi wake alimwambia, "Wewe hapa unaona gundi. Vijidudu vinaona chakula. Vinaikata ile minyororo na kuila." Pipa likamwagwa lote. Maneno hayo hakuyasahau. Ndiyo maana ninalolieleza sasa linauma zaidi, kwa sababu alijua.

Baada ya miezi michache, mdogo wake Fundi wa kike aliachishwa kazi kwenye duka la simu, akaja kukaa nao. Alikuwa mchangamfu, mwenye maneno kama maji ya bomba, na tangu utotoni kaka yake alimwita Redio. Alimpenda sana wifi yake. Siku ya pili tu akasema, "Wifi, una dhahabu hapa, umeifungia jikoni. Niachie mimi niiuze."

"Uza, wifi yangu. Mimi maneno sina."

Redio aliweka simu juu ya kabati la vyombo, akasimama mbele yake, akajipaka jeli shavuni. "Tazameni ngozi hii!" alisema kwa sauti ya matangazo. "Nina miaka arobaini na saba!"

Fundi akachungulia mlangoni, futi ya kupimia shingoni. "We mtoto, una miaka thelathini na mbili."

"Kwenye video nina arobaini na saba, kaka. Ondoka, unaniharibia picha."

Wote walicheka. Bi Mkubwa alicheka mpaka akashika mbavu. Nami nawaomba mkitazame kicheko hicho vizuri, ndugu zangu. Uongo haukuingia katika nyumba ile kwa kuvunja mlango. Ulikaribishwa, ukapewa kiti, watu wakaufurahia.

Oda zilikuja kama mvua. Na kadiri zilivyokuja, ndivyo Redio alivyozidi kutia chumvi. Wiki ya kwanza jeli ililainisha ngozi. Wiki ya tatu iliondoa makunyanzi. Mwezi wa pili ilifuta makovu, ikaondoa madoa, ikatibu ukurutu. Mchanganyaji alisikia video moja akiwa anaosha ndoo, akafunga bomba.

"Wifi, hapo umezidisha. Ile inashika maji tu. Haifuti kovu."

"Kuna mama kaniandikia kovu lake limepungua. Nimwambie anaota?"

"Labda lilikuwa linapona lenyewe."

"Basi na lipone lenyewe akiwa na kopo letu mkononi. Wifi, watu wana shida, wanataka kusikia neno zuri. Wewe koroga, mimi niseme. Unajua wanakuitaje sasa? Daktari wa Ngozi."

Mchanganyaji alifungua kinywa, akakifunga. Daktari wa Ngozi! Mtu aliyefukuzwa na barua ya ukurasa mmoja, ambaye katika miaka kumi na tisa hakuna bosi aliyelijua hata jina la mama yake. Aliporudi kwenye ndoo alijikuta anatabasamu peke yake. Akajiambia kwamba yeye hajasema uongo. Aliyesema ni Redio.

Wangapi kati yetu tumejificha nyuma ya kinywa cha mwingine namna hiyo?

Kisha likaja lile la kihifadhi. Redio aliingia jikoni asubuhi moja, simu mkononi, uso umekunjamana. "Wifi, kuna wateja wanauliza kama jeli yetu ina kemikali. Nimewajibu haina hata chembe."

"Kwa nini umesema hivyo? Hata maji yenyewe ni kemikali. Na kihifadhi kimo."

"Kitoe basi."

"Sikitoi. Bila kihifadhi itaoza."

"Si tuna friji? Tuiuze ndani ya wiki mbili, tuwaambie waiweke mahali pa baridi. Wifi, nimeshawaambia. Mimi niliyesema ndiye nitakayeonekana mwongo, na jina lako pia. Kundi hili moja tu. Tafadhali."

Mchanganyaji alisimama na kichupa kidogo cha kihifadhi mkononi. Alijua hasa kinachoweza kutokea, alikuwa amekiona kwa macho yake. Lakini wifi yake alikuwa anamtazama kwa macho ya mtoto anayeogopa kuaibishwa darasani, na nje ya dirisha kulikuwa na akina mama watatu wanasubiri kumwona Daktari. Akakirudisha kichupa kabatini. "Hili moja tu," alisema.

Kundi hilo likaisha salama, au tuseme hakuna aliyelalamika. La pili likafuata vivyo hivyo. Kwenye makopo Redio akabandika karatasi ya kijani: HAINA KEMIKALI. HUPONYA NGOZI NA VIDONDA SUGU. Mchanganyaji aliyasoma maneno hayo siku ya kwanza yalipobandikwa. Alikata karatasi zilizobaki kwa mkasi wa mumewe, akazipanga vizuri, hakusema neno.

Bi Mkubwa aliishi nyumba yake mwenyewe, mitaa miwili kutoka pale. Wakati huo kiatu kipya kilikuwa kimemchubua kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto, naye kwa kuwa kisukari kilikuwa kimemtia ganzi miguuni, hakusikia maumivu mpaka alipoona damu kwenye soksi. Kliniki walimwambia arudi kila baada ya siku mbili kusafishwa kidonda. Akaenda mara tatu. Mara ya nne hakwenda.

Siku hiyo Mchanganyaji alimpigia simu. "Mama, umekwenda kliniki?"

"Mimi sijambo, mwanangu. Kinaendelea vizuri sana."

"Sijakuuliza kama hujambo, mama."

"Loo, umekuwa mkali kama muuguzi! Kinaendelea vizuri, nimekwambia."

Jumamosi hiyo hakuja kupakwa. Alisema ana wageni. Jumamosi iliyofuata alikuja, lakini amevaa soksi nene ingawa joto lilikuwa kali, akasema anahisi baridi, akakataa kuzivua. Mchanganyaji alikuwa na oda za makopo sitini. Alimbusu shavuni, akarudi kwenye ndoo. Baadaye alijilaumu kwa busu hilo kuliko kwa jambo jingine lolote, kwa sababu shavu lilikuwa la moto na yeye alilisikia.

Jumanne mchana Fundi alimaliza kumshonea mama yake gauni, Mchanganyaji akajitolea kulipeleka. Alibisha hodi, hakujibiwa. Akasukuma mlango, akaingia, na kabla hajafika chumbani harufu ikampokea. Aliijua harufu hiyo. Alisimama ukumbini na gauni mkononi, kana kwamba mlango wa mbele yake ni mfuniko wa lile pipa la Jumatatu.

Bi Mkubwa alikuwa kitandani, midomo imekauka, macho yanang'aa kwa homa. "Mwanangu," alisema, "usikasirike. Nilitaka iwe siri kidogo."

"Siri gani, mama?"

"Nipone kwanza, ndipo nije kwa Redio anichukue video. Niwe shahidi wako. Watu wakuone kwamba umemponya mama mkwe wako."

Mchanganyaji alivua soksi taratibu. Sitawaeleza alichokiona, wengi wenu mmewauguza wazee mnajua. Kidole gumba na jirani yake havikuwa tena na rangi ya vidole. Pembeni ya mto kulikuwa na kopo lenye karatasi ya kijani. Akalichukua, akalifungua, akaliinamisha. Jeli haikuteleza polepole kama inavyotakiwa. Ilimwagika yote mara moja sakafuni, nyepesi kama maji ya kuoshea vyombo.

"Umekuwa ukipaka hii kwenye kidonda?"

"Asubuhi na jioni."

"Mama, nani alikwambia upake kwenye kidonda? Nani?"

Bi Mkubwa alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Si nyinyi? Imeandikwa hapo. Mwanangu hawezi kunidanganya."

Ndugu zangu, kuna matusi ambayo mtu anaweza kuyavumilia maisha yake yote. Maneno hayo matatu ya upendo Mchanganyaji hakuweza kuyavumilia hata dakika moja. Aliita gari, akambeba Bi Mkubwa mgongoni mpaka barabarani, yeye mwenyewe, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, na viatu akavisahau.

Hospitalini Fundi na Redio walifika wakihema. Daktari alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini. Alitazama kidonda, akauliza, "Kimepakwa nini hiki?"

Redio alikuwa wa kwanza kujibu. "Ni jeli ya asili tu, daktari. Haina kemi…"

"Nyamaza, wifi," alisema Mchanganyaji. Hakupaza sauti, lakini Redio alinyamaza. "Daktari, jeli hiyo nimeitengeneza mimi. Ni maji, gundi ya mwani na mafuta kidogo. Haina dawa ya kidonda. Na haina kihifadhi. Nilikitoa kwa mkono wangu, nikijua kwamba itaoza. Imeoza. Kopo ni hili hapa."

Daktari alilipokea kopo, akasoma karatasi ya kijani, akamtazama. "Wewe si mtu asiyejua," alisema.

"Ndiyo. Ninajua."

"Gundi ya namna hii ni kitu kizuri mahali pake. Sisi wenyewe tuna bandeji za vidonda zinazotengenezwa kwa mwani. Lakini zile zimesafishwa kila kijidudu, zimepimwa, na anayezibandika anakitazama kidonda kila mara. Hiki mlichompa ni maji machafu yaliyowekwa juu ya kidonda kibichi kwa wiki mbili. Na kilichomuumiza zaidi ni kwamba aliacha kuja kliniki. Kwa nini aliacha?"

Fundi alikuwa ameshika futi yake ya kupimia, anaizungusha kidoleni, anaikunjua, anaizungusha tena.

Walimkata Bi Mkubwa vidole viwili vya mguu wa kushoto. Daktari alisema wangechelewa siku tatu tu, ungekuwa mguu wote, na wiki moja, ungekuwa uhai. Siku mbili Fundi hakuzungumza na mke wake. Hakumfokea wala hakumkimbia. Alimpisha mlangoni, alimwachia chakula, lakini maneno hayakuwepo. Alikaa kwenye cherehani akikanyaga pedali, na sindano haikuwa na uzi.

Siku ya tatu Mchanganyaji alikaa sakafuni karibu na miguu yake. "Niseme lolote?" aliuliza.

"Sina hasira na jeli," alisema Fundi hatimaye. "Mtu hukosea, hata mimi nimekata vitambaa vya watu. Ninachojiuliza ni kwamba ulikuwa unajua, na sisi sote tuko nyumba moja, na hukusema. Na mimi nilikuwa nasikia zile video nacheka. Nami nilijua mdogo wangu hana miaka arobaini na saba." Akafuta uso kwa kipande cha kitambaa. "Twende tukamwone mama."

Bi Mkubwa alikuwa ameketi kitandani, mguu umefungwa bandeji nyeupe. Redio alikuwa amelala kifudifudi kwenye ukingo wa kitanda, macho yamevimba kwa kulia. Mchanganyaji alipiga magoti.

"Mama, nisamehe."

Bi Mkubwa aliutazama mguu wake. "Vidole havikuniuma sana," alisema. "Si unajua nina ganzi. Kilichoniuma ni kimoja. Mimi nilipokusemea kwa ndugu wote hao, miaka yote hiyo, nilikuwa nasema kweli. Wewe ulipofika wakati wa kunisemea mimi kweli, ulikaa kimya. Kwa nini, mwanangu?"

"Waliniita daktari, mama. Nikapenda."

"Basi umesema." Akamshika kichwa kwa mikono miwili, kama anavyoshikwa mtoto anayetafutwa uchafu masikioni. "Ungeniambia ulikuwa hujui, nisingekusamehe leo. Inuka. Na wewe Redio, acha kulowesha shuka ya serikali. Mnitafutie tu duka linalouza kiatu cha vidole vitatu."

Redio alicheka na kulia kwa pamoja, kamasi zikamtoka, na muuguzi aliyekuwa akipita akasimama kuangalia kuna nini.

Kesho yake kazi ikaanza. Mchanganyaji na Redio walizunguka nyumba kwa nyumba wakiomba makopo yarudishwe. Redio alichukua video moja tu, bila kupaka kitu usoni, akiwa amekaa kwenye kiti cha jikoni. "Nina miaka thelathini na mbili," alianza. "Mengi niliyowaambia ni uongo. Jeli hii haiponyi kidonda. Haifuti kovu. Nilisema haina kemikali, na kwa ajili ya maneno hayo iliondolewa kitu kinachoizuia kuoza. Mama yangu mzazi amekatwa vidole. Tafadhali msiitumie. Tutakuja kuichukua." Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikosa neno la kuongeza.

Matusi yalikuja. Mwashi aliwafungia mlango. Mama mmoja mwenye mtoto mwenye ukurutu, ambaye naye alikuwa ameacha dawa ya hospitali kwa kuamini kopo lile, aliwaweka barazani saa nzima akiwaambia kila alichopitia, na Mchanganyaji alisikiliza kila neno bila kujitetea, kisha akamsindikiza yeye na mtoto mpaka kliniki. Wengine walirudisha makopo kimya kimya. Wengine walikataa kabisa kuyarudisha, wakisema jeli imewasaidia, na hao ndio waliowatoa jasho zaidi, maana uongo ukishaaminiwa hauondoki kwa kuomba radhi mara moja.

Mpishi wa shule alirudisha lake likiwa nusu. "Mimi uliniambia inashika maji, ikashika maji," alisema. "Ukiitengeneza tena vizuri, niite."

Ilichukua miezi minane. Mchanganyaji alipeleka sampuli kwenye ofisi ya ukaguzi wa vipodozi, akakataliwa, akarekebisha, akapeleka tena. Kihifadhi kilirudi kwenye ndoo, kimepimwa. Kila kundi jipya aliacha kopo moja mahali pa joto kwa wiki kadhaa aone kama litalegea. Na karatasi ya kubandika waliiandika wote wanne mezani, Redio akishika kalamu, kila mtu akikagua neno lake.

"Andika 'hulainisha ngozi kavu'," alisema Mchanganyaji.

"Hulainisha vizuri sana," alijaribu Redio.

"Redio!" walisema watu watatu kwa pamoja.

"Haya, haya. Hulainisha ngozi kavu. Halafu?"

"Halafu andika kwa herufi kubwa," alisema Bi Mkubwa, "haitibu kidonda wala ugonjwa. Iwe mbele ya kopo, si nyuma. Sisi wazee hatugeuzi makopo."

Wateja walirudi wachache, kisha wachache wengine. Hawakufika idadi ile ya zamani, na mpaka leo hawajafika. Mchanganyaji hakuitwa Daktari tena. Bi Mkubwa anakwenda kliniki siku zake zote, mkono wa mkamwana wake ukiwa chini ya kwapa lake, wakibishana njia nzima kuhusu nani anatembea polepole.

FUNZO

Ndugu zangu, gundi ile ya mwani haikuwa na kosa. Kazi yake ni ndogo na ya heshima: kushika maji juu ya ngozi na kukipa kipodozi uzito wake. Tuiache ifanye kazi hiyo. Tukiitwika kazi ya dawa, tunaigeuza kuwa sumu, na neno "asili" au "haina kemikali" halitatuokoa, kwa sababu hata kuoza ni jambo la asili. Mwenye kidonda, mwenye kisukari, mwenye mtoto anayejikuna, aende kwa anayejua, na asiache dawa yake kwa sababu ya kopo, hata kama kopo limetoka kwa mtu anayempenda.

Hasa kama limetoka kwa mtu anayempenda. Hapo ndipo hatusomi, hatuulizi, tunapaka tu.

Na wewe unayejua kazi yako, uwe unakoroga jeli, unajenga nyumba au unafundisha watoto: siku utakaposikia mtu anakusifu kwa kitu usichokifanya, sema papo hapo, kabla utamu wa sifa haujashuka kooni. Mchanganyaji alikuwa na nafasi ya kusema mbele ya bomba, akawa nayo mbele ya kabati, akawa nayo na mkasi mkononi. Hakusema kweli mpaka alipokuwa mbele ya daktari. Alishukuru kwamba mtu wa kumwomba radhi alikuwa bado hai.